Msamaria Alisafiri na Mafuta

Mfano wa Msamaria mwema katika Luka 10 tumeuhubiri sana kwa upande wa huruma yake. Leo tutazame mzigo wake. Mafuta na divai ya kumimina kwenye majeraha alivitoa wapi njiani kule? Alikuwa navyo. Hata dinari mbili za kumpa mwenye nyumba ya wageni alikuwa nazo.

Sisi wa Tarime na Serengeti tunavuka Sirari kama mtu anayevuka barabara. Ndugu zetu Wakurya wako Isebania na Kehancha. Huko kuna harusi, misiba, minada na mikutano ya injili. Kwa kuwa lugha ni ile ile, tunasahau kwamba ile ni nchi nyingine. Kadi yako ya NHIF inaishia upande huu. Wakenya wana mfuko wao, SHA, ulioanza Oktoba 2024, na mgeni wa siku tatu hayumo. Ukizidiwa Migori usiku utadaiwa fedha taslimu, tena za Kenya.

Kinachoniumiza zaidi ni muumini mwenye kisukari au shinikizo la damu anayeacha dawa nyumbani kwa makusudi, eti kuzibeba kwenda kwenye maombi ni kukosa imani. Kichupa cha mafuta ya upako anacho, vidonge hana! Paulo, ambaye wagonjwa waliponywa kwa mikono yake, alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto (2 Timotheo 4:20), tena akampa Timotheo ushauri juu ya tumbo lake. Nani atathubutu kusema Paulo alipungukiwa imani?

Basi beba dawa za siku zote za safari na za akiba, ndani ya pakiti zake, kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Beba na karatasi ya kliniki. Insulini isikae juani dirishani. Mwenye selimundu, na Kanda ya Ziwa tunao wengi, awe na maji ya kutosha na mwenzake anayeijua hali yake. Chanjo ya homa ya manjano tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yote, ila cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Kuchomwa asubuhi ya safari hakusaidii.

Nanyi wachungaji mnaokodi mabasi, daftarini mnaandika nauli na sare za kwaya. Andikeni pia nani anatumia dawa gani, na simu ya ndugu yake. Mweka hazina atenge fedha ya matibabu na kuibadilisha pale pale mpakani, asingoje mtu aanguke.