Orodha Isiyoonekana, Mwananchi Asiyehesabika

Takwimu nyingi za utumishi wa umma bado husafiri kwa lahajedwali za Excel. Ndani yake huwekwa orodha kunjuzi, ile inayofunguka mtumishi anapobofya mshale pembeni mwa seli, ili achague jibu badala ya kuandika apendavyo. Orodha hiyo isipoonekana, hukumu huwa moja: mtumishi hajui kompyuta. Naipinga hukumu hiyo. Mara nyingi kasoro ni ya aliyeitengeneza fomu, na matokeo yake ni ya kisiasa hata kama hakuyakusudia.

Tuchukue mikoa yetu 31. Mtengenezaji akiandika majina yote moja kwa moja katika kisanduku cha masharti ya seli, akiyatenga kwa mkato bila kuacha nafasi, atahitaji herufi 268, mikato ikihesabiwa. Kisanduku hicho hupokea 255 tu. Akianza na Bara kwa alfabeti, kisha Unguja, kisha Pemba, nafasi huisha barabara kwenye Kaskazini Pemba. Kusini Pemba haimo. Akiacha nafasi baada ya kila mkato, kama tulivyofundishwa shuleni, Mjini Magharibi na mikoa yote miwili ya Pemba hukosa pa kukaa. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Dawa ni nyepesi: majina yaandikwe kwenye safu ya karatasi nyingine ya faili hilohilo, na orodha ielekezwe huko. Ukomo wa 255 hautahusika tena.

Hata orodha iliyokamilika yaweza kufichika. Matoleo mengi ya Excel huonyesha vipengele vinane kwa mara moja. Anayetoka Tanga lazima ateremke mbali kuliko wa Arusha. Maandishi ya orodha hayaongezwi ukubwa, hivyo karatasi iliyopunguzwa hadi asilimia 60 ili itoshe kwenye kioo huyafanya yasisomeke. Mishale ikitoweka yote kwa pamoja, huenda mtu amebonyeza Ctrl na 6 bila kujua, akaficha vitu vyote vya karatasi, abonyeze tena. Na vile visanduku vya ActiveX, vinavyonywea au kutanuka kompyuta inapobadilishiwa kioo, visingepaswa kabisa kuwamo katika fomu ya umma. Mwezi Desemba 2014 sasisho la usalama la Microsoft lilivifanya vigome katika ofisi nyingi duniani.

Linalonitia hofu zaidi ni seli tupu. Safu ya majina ikipewa jina lake na kuachwa na seli tupu mwishoni, orodha huweza kufungukia kwenye weupe, mtumishi akadhani haina kitu. Ikiwa pia alama ya kupuuza utupu imeachwa, Excel hukubali neno lolote bila onyo. Hapo ndipo “Dsm”, “Dar” na “D’Salaam” huwa mikoa mitatu, na bajeti ikagawanywa kwa hesabu hiyo.

Kwa hiyo, kabla barua ya “jazeni na kurejesha ndani ya siku tatu” haijatoka wizarani, faili lijaribiwe kwenye kompyuta kongwe ya ofisi ya kata, na karani wa hapo ndiye aijaze, huku mtengenezaji akitazama tu, mikono mfukoni.