Nyumba Njema Si Mlango



Sisi waseminari tunaosoma falsafa hurudi mara nyingi kwenye swali moja: mtu ni nani? Boethius, mwanafalsafa Mkristo wa karne ya 6, alisema ni nafsi moja moja yenye asili ya akili. Tukiyasoma maneno hayo haraka tunaweza kuwaumiza wengine. Mtoto mwenye ulemavu wa akili tutamweka wapi?

Historia ya nyumba moja ya Uingereza imetusaidia kulitafakari swali hilo. Nyumba hiyo iko Teddington, pembezoni mwa London. Mwaka 1868, enzi za Malkia Victoria, daktari John Langdon Down na mkewe Mary waliichukua, wakaiita Normansfield, wakaifanya makao na shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Ni daktari yuleyule ambaye jina lake limepewa hali ya Down. Watoto walifundishwa kujihudumia, kuzungumza na kufanya kazi za mikono. Mwaka 1879 ukafunguliwa hata ukumbi wa maigizo.

Tusimpambe kupita kiasi. Waliopokelewa walikuwa hasa watoto wa familia zenye uwezo. Tena mwaka 1866 daktari huyo alikuwa ameandika makala akiwagawa watu hao kwa kuwafananisha na mataifa ya dunia, kwa maneno ambayo leo yanatia aibu. Mwaka 1905, miaka tisa baada ya kifo chake, mjukuu wake mwenyewe alizaliwa na hali hiyohiyo.

Mwaka 1951 Normansfield iliingia mikononi mwa huduma ya afya ya taifa, ikawa hospitali. Mwaka 1976 wauguzi waligoma, na ripoti ya uchunguzi iliyotoka mwaka 1978 ikafichua hali mbaya ya huduma. Ilifungwa mwaka 1997. Leo sehemu ya majengo ni makazi ya watu binafsi, lakini penye ule ukumbi wa maigizo ndipo zilipo ofisi za chama cha Uingereza cha watu wenye hali ya Down.

Wapo watakaosema jengo ni jengo tu, likibadilishwa matumizi hakuna dhambi. Tunakubaliana nao, ila tunaongeza neno. Nyumba hii haikupotea siku ilipouzwa. Ilipotea ilipokuwa bado na jina lilelile na watu walewale ndani, huku heshima yao imeshatoka. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Basi na sisi tufungue. Milango ya parokia zetu iko wazi kila Dominika. Lakini yule mtoto mwenye hali ya Down, je, ameandikishwa katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza? Au mama yake ameambiwa kwa upole, "Huyu ni malaika, hahitaji"? Maneno hayo ni matamu, ila yanamwacha mtoto nje. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 777, inamtaka paroko ahakikishe kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili nao wanapata katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu.

Tukirudi kwa Boethius, tunaona alitaja asili, hakutaja alama za mtihani. Asili hiyo mtoto anayo kwa kuwa ni binadamu, aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Hakuna daktari, mwalimu wala padre aliyempa, na hakuna awezaye kumnyang'anya.

Kwa hiyo tunawaomba makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo: wiki hii ulizeni ni nyumba ipi yenye mtoto ambaye hajawahi kuitwa kwenye mafundisho. Nasi waseminari, tukija likizo, tuko tayari kukaa naye darasani, hata kama somo la siku moja litachukua mwezi mzima.