MLIMA HUSEMA KWANZA NA ALIYE CHINI YAKE



Tarehe 29 Aprili 1903, saa kumi na dakika kumi alfajiri, ubavu wa mlima uitwao Turtle, huko Alberta katika Kanada, uliporomokea mji mdogo wa Frank. Mawe yalishuka zaidi ya tani milioni 80, na dakika mbili hazikupita. Watu kati ya 70 na 90 walikufa. Reli ilifukiwa kadiri ya kilomita mbili.

Chini ya mlima huo palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe uliofunguliwa mwaka 1901. Kwa miezi mingi wachimbaji waliona dalili. Nguzo za mbao zilipasuka, na makaa yalianguka yenyewe bila kupigwa sururu. Kazi ikawa nyepesi. Kumbe kilichowapunguzia kazi ni uzito wa mlima.

Wataalamu wa serikali walipokagua baadaye, walisema ubaya mkubwa ulikuwa katika mpango wa miamba yenyewe, lakini mashimo makubwa yaliyochimbwa yaliongeza hatari. Wakati huo maiti walikuwa wamekwisha kufukiwa.

Basi, ndugu, ukaguzi wa mgodi usiishie mlangoni. Mkaguzi na apande juu. Atazame nyufa na kuzipima, na kurudi kuzipima tena. Atazame miti iliyoinama, chemchemi zilizohama, na mawe mapya chini ya mteremko. Ramani ya mashimo ya chini iwekwe juu ya ramani ya mlima. Zaidi ya yote, awaulize wanaofanya kazi chini, na maneno yao yaandikwe kitabuni. Haifai neno la mchimbaji lingoje mpaka bwana mkubwa alisikie kwa masikio yake.

Usiku ule mfanyakazi wa breki wa reli, Sid Choquette, alipita gizani juu ya mawe yale ya moto na vumbi, akaisimamisha treni ya abiria iliyokuwa ikija. Kampuni ilimpa barua ya shukrani na dola 25. Ushujaa wake twausifu. Lakini ukaguzi mwema ungalipunguza haja ya shujaa.

Nasi tunaotengeneza njia chini ya miteremko, tukiona ufa, tuutaje siku ile ile, kwa maandishi, na nakala iletwe chamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mhariri