Zabibu nyeusi ya Santorini

Msomaji, ukipita katika duka lolote kubwa hapa jijini utakuta chupa za mvinyo mwekundu zimepangwa safu kwa safu, na majina ni yale yale: Merlot, Cabernet Sauvignon, basi. Hizo ni aina za zabibu, zote asili yake Ufaransa. Lakini je, umewahi kusikia Mavrotragano?

Usishtuke. Hata kwao Ugiriki ilikaribia kutoweka. Ni zabibu ya kisiwa cha Santorini, katika Bahari ya Aegean, na jina lake lina maana ya nyeusi inayolia mdomoni ukiitafuna. (Wanafunzi, nyinyi someni tu. Kuonja ngojeni.)

Kisiwa chenyewe ni mabaki ya volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, ikaacha majivu na mawe mepesi yenye vitundu. Mvua ni haba na upepo una hasira. Kwa hivyo mkulima hausimamishi mzabibu kwa nguzo na waya. Huyakunja matawi akayasokota mviringo karibu na ardhi, hata mti ukafanana na kiota cha kuku anayeatamia, zabibu zikiwa ndani. Usiku ukungu wa baharini hutua, mawe yakafyonza unyevu, na mizizi ikanywa humo.

Majivu hayo yana faida nyingine. Kuanzia miaka ya 1860, mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, aliishambulia mizizi ya mizabibu karibu Ulaya nzima. Santorini alishindwa, kwani udongo wa huko karibu hauna mfinyanzi. Ndiyo maana kuna mizizi yenye umri kupita babu zetu.

Mbona basi ikaadimika? Ni tabia yake. Punje ni ndogo, mavuno hafifu, na kishada kimoja hakiivi kwa pamoja. Mkulima mwenye watoto wa kusomesha atachagua lipi? Wengi walishika Assyrtiko, zabibu nyeupe inayotawala kisiwa, na ile nyeusi kidogo iliyobaki ikatiwa kwenye mvinyo mtamu.

Katika miaka ya 1990 watengenezaji wawili, Haridimos Hatzidakis na Paris Sigalas, mtu aliyesomea hisabati, walianza kuitengeneza peke yake, mvinyo usio na utamu. Ulitoka mzito, wa rangi iliyokolea, na ukali unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemshwa kupita kiasi. Ukiwekwa miaka kadhaa hulainika. Wakulima wakaanza kuipanda upya. Hatzidakis alifariki 2017, lakini chupa zenye jina lake bado zinatoka.

Adui wa sasa si mdudu. Ni hoteli. Watalii wanamiminika kisiwani, bei ya ploti imepanda, na kijana wa huko hupata fedha haraka zaidi akibeba masanduku ya wageni kuliko akiinama shambani kusokota matawi.