Sifa za Kuogopa: Jibu kwa Mtetezi wa Wauzaji

Bwana aliyeandika kwamba mnunuzi wa Kampala hana haki ya kunung'unika maadamu kila muuzaji wa mtandaoni hudhihirisha sifa alizopewa na wateja, na kwamba ingekuwa insafu zaidi muuzaji naye ampime mnunuzi, amesahau kwamba dawa hiyo ilikwisha kunywewa na wengine ikawadhuru. Mnada wa eBay, ulioanza mwaka 1995, uliziruhusu pande zote mbili kupimana, hata aghalabu mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu akanyamaza kwa kuchelea kisasi. Mwaka 2008 wenye mnada wakawazuia wauzaji kuwapa wanunuzi alama mbaya.

Na hapa kwetu, ambapo muuzaji anayo nambari yako na mwenye bodaboda wake amekwisha kulijua lango lako la Ntinda, nani atathubutu kuandika kwamba chaja aliyoletewa iliungua usiku uleule? (Atapigiwa simu kabla ya adhuhuri, abembelezwe afute alichokiandika.) Ndiyo maana watu hufungua boksi palepale langoni, bodaboda ikinguruma, wakaiwasha simu na kuijaribu, ndipo wakatuma fedha, na desturi hiyo, bwana huyo hakuitaja hata kwa neno moja.