Mbuzi Aliyefanana na Meza

Husemwa ya kuwa mchoraji huzaliwa, hafundishwi. Neno hili ni la uvivu, nami nalipinga. Limewanyang'anya kalamu watoto wengi ambao mbuzi wao wa kwanza alifanana na meza.

Na afanane na meza! Kosa la mbuzi yule si la mkono, ni la jicho. Mtoto ameuchora mguu wa nyuma kama alivyoudhani, si kama ulivyo. Kiungo kile kipindacho kuelekea nyuma, ambacho aghalabu sisi wakubwa pia hukiita goti, ni kisigino cha mnyama. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Mbuzi, paka na farasi wote husimama kwa vidole. Mtoto akiyajua hayo, mchoro wake wa kesho utaushinda wa leo, wala hapana kipawa kilichoingia hapo.

Hokusai wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1760, alianza mwaka 1814 kutoa vitabu vya michoro ya watu na wanyama kwa ajili ya wanaojifunza. Mwaka 1834 aliandika ya kuwa yote aliyoyachora kabla ya umri wa miaka 70 hayakuwa na thamani kubwa, na kwamba alipofika miaka 73 ndipo alipoanza kufahamu maumbile ya wanyama, ndege na samaki. Kumsifu mzee huyu kwa kipawa tu ni kumfutia kazi ya maisha yake. Sifa ya namna hiyo, kwangu mimi, ni tusi.

Basi mwalimu achekaye daftari la mtoto na alete kwanza mbuzi wake yeye, tumwulize goti liko wapi.