Wazee wa IAM na wimbo wetu wa Gécamines

Kuna watu watano ku Marseille, Ufaransa, walioanza rapu pamoja mwaka 1989. Wakati ule nchi yetu ilikuwa bado Zaire, na chama kilikuwa kimoja tu. Leo Zaire imekufa, chama kimekufa, lakini wale watu watano bado wako pamoja mu jukwaa. Kikundi chao kinaitwa IAM. Niliwaona na macho yangu mwaka wa 2018, na tangu siku ile kuna jambo linanisumbua. Nataka kulisema hapa, juu linatuhusu sisi wa mine kuliko linavyowahusu wao.

Najua vijana watacheka: delege wa sendika naye anaandika juu ya rapu? Ndiyo. Sisi wenye miaka arobaini na kitu, rapu ilikuwa yetu mbele iwe yenu.

Kwa wazee wasiowajua: Akhenaton na Shurik'n njo wanashika mikro. Kheops anazungusha santuri. Imhotep anatengeneza muziki, na mbele ya kazi hii alikuwa mwalimu wa shule. Kephren alianza kama mucheza ngoma wao. Walijipa majina ya Misri ya kale, na tarehe 14 Machi 2008 walienda kuimba kule kule, mbele ya mapiramidi. Kwao Marseille ni muji wa bandari. Watu walifika na meli kutoka Italia, Algeria, Komoro, Senegali, wakashusha mizigo, wakabaki. Jamaa ya Akhenaton ilitoka Italia, Imhotep alizaliwa Alger, wazazi wa Shurik'n ni watu wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Ni kama makambi yetu ya kazi, ambamo Muluba, Mubemba, Murunda na Mutshokwe walikutanishwa na mutu aliyetaka mikono yao, kiisha watoto wao wakatengeneza lugha moja ya kuchekea.

Walianza na kaseti mu 1990. Albamu ya kwanza ilitoka 1991. Mu 1994 Ufaransa nzima ilicheza wimbo wao Je danse le Mia. Lakini ile iliyowaweka mahali hakuna atakayewaondoa ni L'École du micro d'argent, iliyotoka tarehe 18 Machi 1997 na kuuzwa zaidi ya milioni moja.

Angalieni vizuri hiyo tarehe. Wiki tatu nyuma yake, tarehe 9 Aprili 1997, AFDL ilikuwa imeshika Lubumbashi. Kaseti ilitufikia ikiwa imekopiwa juu ya kopi ya kopi, sauti kama ya mutu anayesemea mu tuyau. Mu makambi baba zetu walikuwa wanangojea mushahara wa miezi na miezi. Kulikuwa wimbo mule, Nés sous la même étoile, unaouliza kwa nini watoto wawili wanazaliwa chini ya mbingu moja na mumoja anapewa vyote, mwingine anapewa deni. Hakuna mutu alihitaji kututafsiria. Na kulikuwa Petit frère, juu ya mutoto anayetaka kukomaa mbio mbio, anayeacha vitu vya kuchezea kwa kutafuta feza na sifa ya wakubwa. Leo mukipita Kolwezi karibu na kariere, saa ya shule, mutamuona huyo petit frère na mufuko mugongoni. Haujajaa vitabu.

Sasa, nilifika kule namna gani? Wenzetu wa sendika walitualika kaskazini ya Ufaransa, ile nchi ya makaa. Kule shimo la mwisho la makaa lilifungwa Desemba 1990. Walitupeleka Lewarde, mahali palipokuwa mine ya kweli: leo ni makumbusho. Mugeni analipa biye, anaonyeshwa taa, farasi waliofanya kazi chini, nguo za kazi zinavyoninginizwa juu na munyororo. Yote safi, hakuna vumbi. Usiku wa tatu, mutoto wa dada yangu anayeishi upande ule akanipeleka kwenye konseri. Bei ya biye ninainyamazia, juu bibi yangu anasoma gazeti hili.

Mule ndani nilikuta watu wa rika yangu. Vipara, miwani, tumbo kidogo, wengine wamebeba watoto mu mabega. Akhenaton alikuwa na miaka 49, Shurik'n alikuwa na 52. Mutu wa mine anaangalia kwanza kifua cha mwenzake, basi mimi nilianza kuhesabu pumzi zao. Rapu ni kazi ya mapafu: maneno mengi, nafasi kidogo ya kuvuta hewa. Kumbe wazee wana ujanja wao. Mumoja akifika karibu na mwisho wa musitari, mwenzake anamuchukulia neno la mwisho, yeye anapata nafasi ya kupumua. Kiisha wanabadilishana. Refrain wanawaachia watu. Hakuna aliyemuangalia mwenzake, hakuna aliyetoa ishara. Nimeona jambo hilo mahali pamoja tu, kwa ekipe za zamani chini ya udongo, zile ambamo mutu hasemi «shika», juu mukono wa mwenzake umekwisha kufika.

Ujanja wa namna ile haununuliwi. Unapatikana kwa miaka mingi pamoja. Wengi wa IAM waliwahi kutoka na albamu zao peke yao, na wakarudi. Mumoja, Freeman, alitoka kabisa. Wenzao wa NTM, wale wa Saint-Denis, walitengana, wakarudiana 2008, na mwaka 2018 tena walijaza Bercy. Wanaimba vizuri, lakini kurudiana si sawa na kukaa. Wale wetu wanaofanya kazi mu sous-traitance wananielewa: kontra ya miezi mitatu, ekipe inavunjwa, kontra ingine, wenzako wapya usiowajua hata majina, na munashuka pamoja mahali ambapo jiwe haliulizi jina. Nani atakujua pumzi yako mu miezi mitatu?

Lakini si hilo linalonisumbua.

Nyimbo za zamani zilipopigwa, salle nzima iliimba. Demain c'est loin ni wimbo wa karibu dakika tisa, hauna refrain hata moja, ni maneno tu yanashuka kama mvua. Watu waliusema wote. Wanaume ambao hawakumbuki telefone ya bibi yao hawakuacha neno. Nami nilikuwa kati yao, na jasho lilinitoka. Ilikuwa saa nzuri sana, siwezi kuwadanganya.

Kiisha wazee wakapiga nyimbo za albamu yao Rêvolution, iliyotoka mwaka 2017. Papo hapo watu wakaanza kutoka. Mumoja kwenda kununua biere, mwingine kukojoa, mwingine akatoa telefone. Mutoto wa dada yangu akanivuta mukono: «Mujomba, hizi za mupya hatuzijue, tutoke kwanza.» Wazee hawakupunguza nguvu. Wale wale, mapafu yale yale, na maneno ya leo juu ya mambo ya leo, mbele ya migongo ya watu waliolipa kwa kuwaona.

Nikajiambia: hii nimekwisha kuiona. Ninaiona kila mwezi.

Sisi pia tuna wimbo wetu wa zamani. Hakuna aliyeuandika, lakini kila kambi inaujua, kutoka Kipushi mpaka Likasi, mpaka Kolwezi. Unaanza na mufuko wa bunga. Couplet ya pili ni hospitali, ambamo mama alizaa bila kulipa. Ya tatu ni shule, na mwalimu aliyelipwa. Ya ine ni cercle, na mpira siku ya mungu. Refrain: Gécamines njo baba, Gécamines njo mama. Tunaweka na hesabu ndani: mwaka 1986 ilitoa tani 476 000 za shaba. Couplet ya mwisho inaimbwa na sauti ya chini, ile ya 2003, wakati watu zaidi ya 10 000 walipewa feza moja ya «départ volontaire» wakaambiwa kwaheri, na wengi hawakujua kwamba volontaire maana yake ni kwa kupenda kwako.

Mu mukutano wa sendika, muzee akisimama na kuanza wimbo huu, hakuna anayetoka. Hata vijana wasiokula ile bunga wanatikisa kichwa. Watu wanacheka, wanafuta macho. Kiisha mutu mwingine anasimama na kusema: kamarade, tusome kidogo sheria. Muangalie viti. Mumoja anakumbuka bisi yake. Mwingine ana maiti mu familia. Tunabaki watu kumi na tano, na kumi kati yao ni delege.

Sheria zenyewe ziko. Tarehe 9 Machi 2018 Kodi ya mine iligeuzwa. Sasa kampuni inapaswa kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaoishi kando ya mine. Hospitali na shule za ule wimbo wetu, leo njia moja ya kuzidai iko pale, mu ile 0,3. Nani kati yetu amekwisha kuuliza kampuni yake iliuza kiasi gani?

Na kuna wimbo mwingine, tunaouita mupya juu hatujausikia, lakini una miaka mingi: Kodi ya kazi ya Oktoba 2002. Kifungu cha 40 kinasema juu ya watu wa journalier. Ukiisha kufanya siku 22 mu muda wa miezi miwili, na patron akakuita tena mbele ya ile miezi miwili kuisha, kontra yako inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Haisemi «patron akipenda». Nimekutana na mutu aliyefanya journalier miaka mitatu mu kampuni moja ambayo siitaji jina. Anajua bei ya mufuko wa bunga wa 1985. Hiyo namba 22 hakuwahi kuisikia.

Wazee wangu, musikasirike. Sisemi wimbo wa zamani ni uongo. Vijana wanaosema «achilieni hizo hadisi za Gécamines» wanakosea pia, tena wanawasaidia mapatro. Ule wimbo ni ushahidi. Unaonyesha kwamba shaba ya udongo huu iliweza kulipa munganga, mwalimu na bunga, na mapatro wa wakati ule, tangu Union Minière, hawakufanya hivyo kwa huruma. Waliona kwamba mutu mwenye njaa hachimbi. Kampuni ikikuambia leo kwamba haiwezekani, muzee mwenye karatasi zake anaweza kujibu. Lakini alete karatasi. Fiche ya mushahara ya zamani, kitabu cha kazi, namba ya INSS. Muzee anayekuja na machozi peke yake, tunamupigia mikono na kurudi nyumbani. Akija na fiche yake ya 1988, tunaiweka kando ya fiche ya leo ya mujukuu wake na kuuliza musitari kwa musitari: hii iko wapi? Na hii?

Wale wa makaa kule kaskazini ya Ufaransa, mine yao iliisha, wanaweza kuweka taa mu kioo. Sisi shaba na kobalti vinatoka kila siku, makamyoni yanashuka Kasumbalesa usiku na muchana. Makumbusho kwetu bado mapema.

Na wazee wa IAM wameonyesha jambo moja ambalo ninawaonea wivu. Wangeweza kuishi na ile albamu ya 1997 peke yake mpaka kufa, watu wangelipa tu. Lakini wanaendelea kuandika, na wanaweka za mupya katikati ya za zamani, hata wakijua mutu atawageuzia mugongo. Kuanzia sasa mukutano wetu utafanya vile. Hatutaweka tena sheria mwishoni, wakati watu wanatafuta bisi. Muzee ataimba couplet moja, tutasoma kifungu kimoja, muzee ataimba ingine.

Mwezi huu tunaanza na kifungu cha 40. Kila mutu wa journalier atafute kaye ndogo. Aandike tarehe ya kila siku aliyofanya kazi, saa ya kuingia na ya kutoka, jina la shefu wa ekipe, na majina ya wenzake wawili walioshuka naye. Asingojee pointage ya kampuni. Mabibi, nyinyi ndio munajua siku ambazo bwana alirudi na udongo mu viatu: mumusaidie kuandika. Hesabu ikifika 22, asiende kugombana na shefu mulangoni. Alete kaye kwa delege wake, mbele ya siku ya 23.